Magurudumu Yaliyokataa Kushuka

Sikumpenda yule mzee, na sitaanza leo kujifanya nilimpenda kwa sababu tu ya yaliyotokea. Alikuwa na ulimi wa pilipili. Alikuwa na dharau. Na alikuwa na tabia moja iliyonikera kupita zote: nikiwa kazini alikuja kunisimamia kichwani, ameshika mgongo wa kiti changu, anahema, kana kwamba nitamwibia skrubu. Kwa miaka miwili nilikuwa fundi wake wa kompyuta, na katika miaka hiyo miwili nimegombana naye kuliko nilivyogombana na mume wangu tangu tuoane. Nilirudi kwake kila mara kwa sababu moja tu. Mashine yake ilikuwa tamu.

Alikuwa Mhindi wa Moshi, wa kuzaliwa, na baba yake vilevile. Maisha yake yote aliuza vipuri vya matrekta na malori, mpaka mke wake alipofariki akafunga duka. Nyuma ya nyumba yake ya mjini, kwenye stoo iliyokuwa ya vipuri, alijijengea chumba cha rubani. Hakununua kilichotengenezwa tayari, na hilo nilimheshimu. Kiti kilikuwa cha lori. Mbele yake skrini tatu zilizopangwa kama kioo cha ndege, na kwenye kompyuta programu ya kuigiza urubani, ndege ya abiria ya injini mbili, kubwa, yenye swichi zake zote. Kishikio cha kuteremshia magurudumu alikitoa kwenye trekta lililochakaa katika mashamba ya miwa. Chini ya kishikio alifunga kitufe kidogo chenye springi. Ukivuta kishikio kinagusa kitufe na magurudumu yanashuka, kisha kinarudi chenyewe. Ukikivuta tena, kinagusa mara ya pili na magurudumu yanapanda. Magurudumu yakishashuka na kujifunga, zinawaka taa tatu za kijani alizozichomoa kwenye dashibodi za malori.

Kila siku saa nne asubuhi, baada ya chai, alitua kwenye uwanja wetu wa ndege pale chini ya Kwa Sadala. Alikuja kutokea mashariki, akapita juu ya miwa, mlima ukiwa kuliani kwake. Alikuwa rubani mzuri, nasema kweli, ingawa hajawahi kugusa usukani wa ndege ya kweli. Mimi mwenyewe aliponiachia kiti niliiangusha mara nne, na mara zote nne alicheka mpaka akakohoa.

Kitu kingine alichonikera nacho ni Uchaga. Alilelewa na yaya wa Kibosho, na Kichaga alikiongea kuliko wanangu. Akina mama wa sokoni aliwasalimia kwa Kichaga, akawatania kwa Kichaga, akapunguziwa bei ya ndizi kwa Kichaga. Mimi ni Mchaga, nimezaliwa Kirua Vunjo, lakini nikikosea neno lolote la nyumbani alinirukia. "Mimi ni Mchaga kuliko wewe," alikuwa akiniambia.

Mwaka wetu wa kwanza alinitukania kazi yangu, nikabeba mkoba nikaondoka. Nikaapa kwamba nyumba ile siikanyagi tena. Kesho yake asubuhi nikamwona anashuka kwenye bajaji mbele ya duka langu Pasua, ameshika jani la isale. Isale ni ule mmea wa majani marefu tunaopandia mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya migomba. Mtu aliyekukosea akikuletea jani lake, umepigwa pingu. Huwezi kukataa kumsamehe, hata kama amekuchomea nyumba. Wauza nyanya waliokuwa nje walicheka mpaka wakashika mbavu: Mhindi kaleta isale. Yeye hakucheka. Alilishika jani kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, akasubiri. Nikalipokea. Ningefanya nini?

Sasa nije kwenye magurudumu.

Mwaka jana mwanawe alikuja kutoka Kanada. Ni mtu mzima, mpole, mwenye sauti ya chini, na alikuja kumchukua baba yake. Alikuwa amekata shauri kwamba mzee hawezi tena kuishi peke yake. Mzee naye alikuwa amekata shauri kwamba hatoki Moshi. Jumapili ile mimi nilikuwa pale stoo nafuta vumbi kwenye feni za kompyuta, nao wakabishana juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ni kabati. Mwana akasema baba anasahau mlango wazi, baba anakula mkate na chai tu. Mzee akasema mtu anayeweza kutua na ndege ya abiria hawezi kushindwa na sufuria ya wali. Mwana akatabasamu. Hapo mdomo ukamponza mzee.

"Jumamosi saa nane," alisema. "Kaa pale kwenye stuli, nitue mbele ya macho yako. Nikishindwa, nitapanda ndege ya kweli twende zetu. Nikiweza, unarudi peke yako na hili neno silisikii tena."

Mwana akamnyooshea mkono. Mzee akaupokea kwa mkono wa kushoto, akasema wa kulia una grisi. Nililisikia hilo na sikulitilia maanani.

Jumatatu saa nne na nusu simu yangu ikalia. Hakusalimia. Magurudumu hayashuki, alisema, nimeharibu nini?

Nilifika, nikaamkia shikamoo, sikujibiwa. Nikaanza na lile ambalo fundi yeyote angeanza nalo: nikamuuliza alikuwa akienda kwa kasi gani alipovuta kishikio, maana ndege ile ikienda mbio kupita kiasi inakataa kutoa magurudumu, yasije yakang'olewa na upepo. Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kama anajua kuvaa suruali. Kasi ilikuwa sawa, na niliikuta sawa. Nikaangalia pampu za mafuta yanayosukuma magurudumu, zote zilikuwa zimewashwa. Nikaingia kwenye mipangilio, kuna mahali unaweza kuiambia programu ilete hitilafu za kubahatisha ili rubani ajifunze. Palikuwa pamezimwa. Nikakaa kitini, nikapaa, nikavuta kishikio. Magurudumu yakashuka. Taa tatu za kijani. Nikayapandisha, nikayashusha, mara kumi, na mara zote kumi yalishuka. Nikamwambia mashine ni nzima.

Akakaa yeye. Akaja vizuri juu ya miwa, akavuta. Magurudumu yakachungulia, yakarudi tumboni. Akavuta tena, yakachungulia, yakarudi. Mara ya tatu yakashuka yakakaa. Akanigeukia.

Fundi hapendi ugonjwa unaokuja na kuondoka. Kitu kilichokufa unakitoa, unaweka kingine. Lakini kitu kinachokuwa kizima kwako na kibovu kwa mwenye nacho kinakufanya uonekane mwongo. Jumanne nilibadilisha waya. Nikabadilisha kile kitufe, nikaweka kipya, nikapulizia dawa ya kusafisha miguso. Nikachomoa kibodi, nikidhani labda ndiyo inayotoa amri ya pili na kufuta ya kwanza. Kwangu magurudumu yalishuka. Kwake yalishuka alipojisikia. Alidai nimeipanga mashine inipendelee. Nikamwambia mashine haina ukabila. Jumatano asubuhi nilifuta programu nzima nikaiweka upya, kazi ya saa nzima na nusu, naye amenisimamia kichwani muda wote, ameshika mgongo wa kiti, kiti chenyewe kinatetema kwa hasira zake. Ndivyo nilivyodhani, kwamba ni hasira. Alipokaa yeye, yakachungulia yakarudi.

Jumatano hiyo mchana alinifuata Pasua. Duka langu ni dogo, wateja wanakaa kwenye benchi barabarani, na siku hiyo benchi lilikuwa limejaa. Alishuka kwenye bajaji akaanza kabla hajafika mlangoni. Aliwaambia wasiniachie mashine zao. Alisema mimi ni fundi wa kubahatisha, napapasa kama kipofu, na kwamba siku tatu nimeshindwa na kitufe kimoja ambacho yeye alikifunga kwa bisibisi ya kukopa. Alisema kwa Kiswahili, kisha akarudia kwa Kichaga ili hata mama wa nyanya asipitwe. Baba mmoja aliyekuwa ameleta kompyuta ya mwanawe aliichukua kwenye meza yangu taratibu, akaaga kwa adabu, akaondoka nayo.

Alinivua nguo mbele ya watu. Sina namna nyingine ya kulisema. Miaka tisa nimekaa pale Pasua, mwanamke peke yangu katikati ya mafundi wanaume wanaosubiri nikosee, na yeye alikuja akawapa walichokuwa wakingoja.

Alhamisi nilirudi kwake. Sikurudi kumsaidia, nilirudi kumshinda. Nilikuwa na kiprogramu kidogo kinachoandika kila mara kitufe kinapoguswa, saa, dakika na vipande vya sekunde. Nikakiweka bila kumwambia. Nikavuta mimi mara tano, kisha nikamwachia, akaruka mara tatu na kutukana mara saba. Nikaondoka na maandishi hayo.

Ijumaa asubuhi nilikaa dukani na kikombe cha chai nikayasoma. Miguso yangu ilikuwa mstari mmoja mmoja: nimevuta, kimeguswa mara moja, basi. Yake ilikuwa rundo. Alipovuta mara moja kitufe kiliguswa mara mbili. Alipovuta tena, mara nne. Tena, mara tano. Tena, sita. Yote ndani ya muda wa kupepesa jicho. Mbili, magurudumu yanashuka na kupanda. Nne, vilevile. Tano, yanabaki chini. Hesabu ya mtoto wa darasa la pili. Kishikio kilikuwa kizima, kitufe kizima, programu nzima. Mkono ndio uliokuwa unatetemeka.

Nikaweka kikombe chini, na vitu vyote vikaja kwa mpigo. Glasi ya chai aliyoishika kwa mikono miwili. Fulana alizoanza kuvaa badala ya mashati ya vifungo. Mkono wa kulia ambao siku zote uko mfukoni. Grisi. Na kule kunisimamia kichwani: hakuwa akinilinda nisiibe. Alikuwa anatafuta kitu cha kushika.

Na dawa yake niliijua kabla chai haijapoa. Ni sehemu moja ndani ya mipangilio, unaiambia programu kwamba kitufe kikiguswa, isisikie mguso mwingine mpaka sekunde moja ipite. Atetemeke atakavyo, itahesabu mara moja. Ni kazi ya dakika mbili. Ningeweza kwenda saa ile ile, nikasema nimebadilisha waya, akatua Jumamosi mbele ya mwanawe, na asingejua mtu.

Sikwenda. Nilisema na aje kwanza na isale. Alijua njia, alijua jani, alijua duka. Nilikaa mlangoni Ijumaa nzima natazama bajaji. Saa kumi na moja nikayachapisha yale maandishi kwenye karatasi, nikaikunja mara nne, nikaiweka mkobani.

Jumamosi saa nane mwana alikaa kwenye stuli, na mimi nikasimama nyuma. Mzee alikuwa amenyoa, amevaa fulana mpya. Alipaa vizuri, akazunguka vizuri. Akaja kutokea mashariki, miwa chini yake, mlima kuliani, na nilimwona mwanawe ameinama mbele kwa kupendezwa, kwa sababu ilikuwa kazi safi na aliona kwamba ni kazi safi. Mzee akatoa mkono wa kulia mfukoni haraka, akavuta, akaurudisha. Magurudumu yakachungulia yakarudi. Akavuta tena. Yakarudi. Sauti ya mashine ikaanza kumwonya kwamba ardhi iko karibu. Akavuta mara ya tatu. Ndege ikatua kwa tumbo, ikasota kwenye lami hadi mwisho, skrini zikawa nyeusi.

Mzee akazungusha kiti, akaninyooshea kidole cha mkono wa kushoto.

"Ni huyu," alimwambia mwanawe. "Wiki nzima nampigia kelele. Fundi wa kubahatisha wa Pasua. Mimi sijashindwa, kashindwa huyu."

Nyani haoni kundule, nilijiambia. Nikafungua mkoba.

Nilimpa karatasi mwana, sikumpa mzee. Nilimweleza taratibu, kwa sauti ya kazi, kama anavyoelezwa mteja. Mistari hii mitano ni mimi. Marundo haya ni baba yako. Kitufe ni kipya, waya ni mpya, programu ni mpya. "Mashine haina kosa," nilisema. "Mwambie baba akuonyeshe mkono."

Mwana aliitazama karatasi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akainuka, akaenda akachuchumaa mbele ya kile kiti cha lori.

"Baba, nionyeshe mkono."

Mzee akampa wa kushoto.

"Ule mwingine."

Hakuutoa. Alikuwa ameukalia, ameuweka chini ya paja, na alimtazama mwanawe usoni kama mtu anayesubiri gari lipite ili avuke barabara. Mwanawe akauvuta taratibu, akauweka kwenye kiganja chake. Ulikuwa unatetemeka kama kuku aliyeshikwa miguu. Mzee akanitazama mimi. Nilitegemea matusi, na nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, ningeyajibu yote. Hakutukana. Nilichukua mkoba wangu nikatoka, na njia nzima mpaka Pasua nilijisikia mshindi. Sitaficha hilo. Nilinunua hata maandazi.

Ushindi ulidumu mpaka asubuhi. Jumapili baada ya ibada nilipanda Kirua Vunjo kwa mama yangu. Sikueleza kitu. Nilichukua kisu nikaenda kwenye mpaka wa kihamba, nikakata jani la isale, refu, lisilo na doa. Mama aliniona, akauliza ni la nani. Nikamwambia ni la mteja. Akaniambia hasira hasara, kama anavyoniambia tangu nikiwa mdogo, akarudi kumenya ndizi.

Jumatatu saa nne nilimkuta barazani. Ndani mwana alikuwa anapanga masanduku, nilisikia utepe wa gundi ukichanwa. Mzee alikuwa amekaa, mkono wa kulia juu ya goti, wazi, unatetemeka bila kizuizi, kwa kuwa hapakuwa tena na wa kumficha. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, kitu ambacho hakikuwa desturi yake. Nikalishika jani kwa mikono miwili, nikainama, nikamnyooshea. Nilikuwa na uhakika. Ndiyo maana ya isale, haikataliwi, na huyu alikuwa Mchaga kuliko mimi.

Alilitazama. Alilijua lilivyokatwa, alijua limetoka juu mlimani, alijua kila kitu.

"Mimi ni Mhindi, mama," alisema.

Hakusema kwa ukali. Alisema kwa Kiswahili, polepole, kama anayemwelekeza mgeni aliyepotea nyumba. Miaka miwili aliniita fundi, akaniita wewe, akaniita majina mengine yasiyoandikika, na hakuwahi kuniita mama. Nilibaki nimeinama na jani langu, yeye akageuza uso kule mlima uliko, ingawa asubuhi ile ulikuwa umejifunika wote na hapakuwa na cha kuona.

Waliondoka Alhamisi. Mwana alinipigia akaniomba nikang'oe mitambo ya stoo kwa kuwa nyumba inapangishwa, na kile nitakachokipenda nichukue. Nilichukua kompyuta, kishikio cha trekta na zile taa tatu za kijani. Vingine nikawaachia.

Vilikaa chini ya meza yangu dukani kwa wiki mbili, na nilikuwa navipiga teke kila nikikaa. Asubuhi moja, kabla wateja hawajaja, nikaviunganisha kwenye skrini moja tu. Nikafungua mipangilio, nikaandika: sekunde moja. Nikaangalia saa ya ukutani, na haikufika dakika mbili. Nikaileta ndege kutokea mashariki, juu ya miwa, mlima kuliani. Nikaweka mkono wa kulia juu ya kishikio, nikautetemesha kwa makusudi, kama wake, nikavuta.

Magurudumu yakashuka. Taa tatu za kijani zikawaka, zikakaa.